"Nimeonja Tu"

Mtu anayepunguza mwili hasemi "nimekula", husema "nimeonja". Bakuli la aiskrimu huwa kibakuli, chupa ya soda huwa kichupa. Lakini "ki" hupunguza jina tu. Kila gramu ya sukari hubaki na kalori zake 4.

Akimaliza, lugha hugeuka: "Leo nimeiba!" Ameiba cha nani, nacho chakula ni chake? Hatari ni kwamba aliyekwisha kujiita mwizi huona siku imeharibika, akazidi kula.

Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Basi tuseme wazi, "nimekula maandazi 2", na kesho tuendelee. Kwa mgonjwa wa kisukari, hesabu hiyo humfaa daktari kuliko toba.