Masoko, Wakala na Uzoefu: Istilahi za Kazi Moja ya Pongwe

Miongoni mwa barua tulizopokea katika robo hii, moja ilitoka kwa mfasiri aliyeko Tanga. Mhitimu mmoja wa chuo, binti wa huko huko, alifanya kazi kwa miezi 18 katika ofisi ndogo iliyoko Pongwe. Alipoondoka alipewa cheti cha utumishi kilichoandikwa kwa Kiingereza. Baadaye aliomba nafasi mahali palipotakiwa mtu mwenye uzoefu wa mwaka mmoja, na tafsiri ya Kiswahili ya vyeti vyote. Mfasiri wetu akaandika kwamba binti huyo "alijitolea katika wakala wa masoko ya jamii". Ombi likarudi. Waajiri walieleza kwamba kujitolea hakuhesabiwi kuwa ni uzoefu wa kazi, na kwamba wao hawakuhitaji msimamizi wa masoko. Mfasiri atuuliza: alikosea wapi, hali kila neno alilolitumia limo katika kamusi?

Tuliona si vyema kujibu kwa kufunua kamusi peke yake, tukaenda Pongwe. Msomaji asiyepajua na aelewe kwamba ni mahali palipo katika barabara ya kutoka Tanga kwenda Muheza, penye mawe ya chokaa na kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1980. Ofisi tuliyoitafuta ina chumba kimoja na watu watano. Kazi yake ni kuvitafutia wanunuzi vikundi vya akina mama wanaokamua mafuta ya nazi na warina asali: kubuni chapa na vibandiko vya chupa, kupiga picha za bidhaa, kuandika matangazo, kupatana bei na wenye maduka. Vikundi hulipa ada ndogo, na faida inayobaki huingizwa tena katika kazi ile ile badala ya kugawiwa wenye mali. Hapo ndipo binti yule alipojifunza kukadiria gharama ya chupa moja, na kumwambia mwenye duka "hapana" bila ya kumpoteza.

Tuanze na neno masoko. Mama yake binti alitusimulia, huku akicheka, kwamba kwa muda mrefu majirani walidhani mwanawe anatoza ushuru katika Soko la Mgandini. Hawakuwa na kosa. Soko ni mahali, na masoko ni wingi wa mahali hapo. Hata hivyo, kwa miaka mingi wingi huu umebeshwa maana ya pili, yaani shughuli nzima ya kukijua anachokitaka mnunuzi na kumfikishia. Ndiyo maana twasema Idara ya Masoko, na vyama vya msingi vya wakulima huitwa vyama vya ushirika vya mazao na masoko. Maana hii imekwisha kukubalika, nasi hatuoni sababu ya kuing'oa. Lakini hukaa salama inapotanguliwa na neno la kazi: shughuli za masoko, huduma za masoko, utafutaji wa masoko. Likiachwa peke yake, hasa likifuatwa na "ya" na jina jingine, msomaji hurudi sokoni.

Wakala ni tatizo la namna nyingine. Katika biashara ya pwani wakala alikuwa mtu, aliyepewa mamlaka ya kutenda kwa niaba ya mwingine, naye alitofautishwa na dalali, ambaye huwakutanisha muuzaji na mnunuzi akapata ujira wake. Sheria ya Wakala za Serikali ya mwaka 1997 ilileta maana ya chombo cha umma. Tangu hapo tuna wakala wa barabara, wakala wa vipimo na wengineo. Kisha, tangu mwaka 2008 huduma za fedha kwa simu zilipoanza kuenea nchini, wakala amekuwa pia yule kijana aketiye chini ya mwavuli akitoa na kupokea fedha. Upatanisho wa kisarufi husaidia kidogo, kwa kuwa mtu huyu wingi wake ni mawakala na chombo kile wingi wake ni wakala, lakini katika umoja hakuna msaada wowote. Aliyesoma cheti cha Pongwe alifikiri habari ni za chombo cha serikali, akashangaa chombo hicho kuwa na watumishi wa kujitolea. Kwa ofisi binafsi ya namna hii twapendekeza kampuni ya huduma za masoko, au ofisi ikiwa haikuandikishwa kuwa kampuni.

Neno lililotusumbua zaidi ni jamii. Katika Kiswahili cha leo linabeba mambo matatu yasiyofanana. Kuna kampeni za kuwashawishi watu wabadili mwenendo kwa faida ya afya zao, kama vile kutumia vyandarua. Kuna kuuza bidhaa kwa kutumia mitandao ya kijamii. Na kuna biashara ambayo shabaha yake ni manufaa ya watu, faida ikiwa chombo tu. Mambo yote matatu tumeyaona yakiandikwa "masoko ya jamii", mara mbili katika waraka mmoja. Ofisi ya Pongwe ni ya aina ya tatu, ingawa hutumia njia ya pili kila siku.

Wako wanaosema "biashara jamii", wakifuata mfano wa redio jamii. Istilahi hii ni fupi na yaelekea kuenea, lakini mfano wenyewe una kasoro: redio jamii humilikiwa na watu wa mahali pake, ambapo biashara tunayoizungumzia yaweza kuwa ya mtu mmoja. Wengine wamewahi kuandika "biashara ya kijamaa". Hilo tunalikataa. Ujamaa una historia yake tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, na maduka ya vijiji ya Operesheni Maduka ya mwaka 1976 hayakuwa kitu hiki. Wala ushirika si jina lake, kwa sababu ushirika una wanachama wenye kura. Tanga wanaijua tofauti hiyo vizuri: mwaka 1993 vyama vya wafugaji viliungana katika chama kikuu, TDCU, ambacho baadaye kilikuwa na hisa katika kiwanda cha maziwa cha Tanga Fresh. Sisi twaelekea kwenye biashara ya manufaa ya jamii. Ni ndefu, twakiri, na wasomaji wenye fupi zaidi isiyopotosha watuandikie.

Sasa tufike kwenye neno lililomnyima binti kazi. Kiingereza cha cheti kilitumia jina la hali iliyo kati ya masomo na ajira. Kiswahili kina majina kadhaa ya hali hiyo, nayo hayabadilishani. Mafunzo kwa vitendo ni ya mwanafunzi ambaye bado yu chuoni. Uanagenzi ni wa anayejifunza ufundi chini ya fundi. Tarajali limezoeleka zaidi kwa madaktari na wenzao wa afya kabla ya kusajiliwa. Kwa mhitimu wa fani nyinginezo serikali imekuwa ikisema mafunzo ya uzoefu kazini. Kujitolea ni kutoa kazi bila ya kudai malipo. Binti yetu alilipwa kila mwezi, ijapokuwa fedha hiyo iliitwa posho. Wazee wa mashamba ya mkonge wanajua posho ilikuwa chakula alichogawiwa kibarua, na kwamba kazi yake ilishuhudiwa na kipande, kadi iliyotiwa alama siku kwa siku hadi zitimie 30. Kipande kilikuwa na ukali wake, lakini hakikumwita aliyefanya kazi kuwa amejitolea.

Sheria nayo haitosheki na jina. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, humdhania mtu kuwa mwajiriwa, vyovyote mkataba ulivyoandikwa, ikiwa mojawapo ya hali zilizotajwa ipo: kwa mfano saa zake za kazi kuamuliwa na mwingine, kupewa vifaa vya kazi, au kufanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria, na karatasi kama hii yaweza kufika mbele ya hakimu ikiwa na neno la mfasiri tu.

Ama uzoefu, wako wanaopendelea tajiriba, kwa kuwa mtu huweza kuwa mzoefu hata wa wizi. Hoja ni nzuri, lakini matangazo ya kazi husema uzoefu, na cheti sharti kiseme lugha ya tangazo.

Tafsiri tuliyomrudishia mfasiri yasomeka hivi: "Alifanya kazi kwa miezi 18, kwa malipo ya kila mwezi, chini ya mpango wa mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu, katika kampuni ya huduma za masoko inayohudumia biashara za manufaa ya jamii, Pongwe, Tanga." Maneno ya malipo tuliyaongeza baada ya ofisi yenyewe kuyathibitisha kwa barua, mfasiri hana ruhusa ya kuyatia kwa hisani yake. Binti amekwisha kuiambatisha katika ombi jipya.