Mama kachomwa sindano kazini, nyumbani hakuna anayejua

Tuseme ni Alhamisi, saa nne asubuhi, katika wodi ya hospitali moja jijini Dar es Salaam. Mama wa watoto wawili, mwajiriwa wa kampuni ya usafi yenye zabuni hospitalini hapo, anafunga mdomo wa mfuko mweusi wa taka za kawaida. Mfuko huo ni wa karatasi, maganda ya ndizi na chupa za maji. Sindano haikutakiwa kuwamo. Lakini imo, na inapenya glavu hadi kwenye kidole gumba.

Anavua glavu, anaona tone la damu. Mwenzake wa zamu anamshauri apakae jiki, eti itaua kila kitu. Anapaka. Kisha anarudi kazini, maana choo cha wanaume na ngazi bado, na supavaiza yuko mlangoni.

Jioni anapanda daladala hadi Mbagala, anapika, anamnyonyesha mdogo, analala. Hasemi neno.

Mama huyu ni mfano tu, ila waliowahi kushika fagio hospitalini hawatashangazwa na lolote alilofanya. Na kosa lake kubwa si kuchomwa, kwa sababu hapo hakuwa na kosa. Ni ule ukimya, ambao nao una sababu zake.

Saa zinavyohesabiwa

Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi baada ya ajali ya aina hii, zinazojulikana kama PEP, hutakiwa kuanzwa mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa chache, na si zaidi ya saa 72. Zikishaanzwa humezwa kila siku kwa siku 28. Kwa mama aliyechomwa Alhamisi saa nne asubuhi, muda unamwishia Jumapili saa nne asubuhi.

Hatari yenyewe si kubwa kama wengi wanavyodhani. Kati ya watu 1,000 wanaochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, wanaoambukizwa ni kama watatu. Homa ya ini aina ya B ndiyo inayopaswa kumtisha zaidi mfanya usafi. Kwa mtu ambaye hajachanjwa, uwezekano wa kuambukizwa kutoka kwenye sindano yenye virusi hivyo unaweza kufika asilimia 30. Chanjo ipo, hutolewa kwa dozi tatu ndani ya miezi sita, lakini watu wazima wengi hawakuipata walipokuwa watoto. Homa ya ini aina ya C haina chanjo kabisa.

Kuhusu ile jiki: haisaidii, na inaunguza ngozi iliyo wazi. Jeraha la sindano huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kukamuliwa wala kunyonywa. Damu ikirukia jicho, suuza kwa maji safi mengi. Baada ya hapo hatua ni moja tu, kutoa taarifa, maana PEP haianzwi bila mtaalamu wa afya kujua kilichotokea.

Kwa nini wananyamaza

Sababu ya kwanza ni ugali. Mkataba wa miezi mitatu ukikaribia kwisha, nani anataka jina lake liandikwe kwenye daftari la ajali? Katika baadhi ya maeneo ya kazi, anayeripoti huulizwa kwanza kwa nini hakuwa makini. Akisikia swali hilo mara moja tu, timu nzima imejifunza. Wa pili akichomwa atajifunga plasta kimya kimya.

Sababu nyingine ni kwamba mfanya usafi wa kampuni ana mabwana wawili. Mshahara unatoka kwa kampuni, wodi ni ya hospitali. Muuguzi msimamizi anaweza kudhani kampuni imeshamfundisha la kufanya akichomwa. Kampuni nayo inadhani hospitali ndiyo yenye dawa na maelekezo. Katikati yao anabaki mtu mwenye mopu asiyejua hata chumba ambacho PEP inatolewa. Muuguzi akichomwa hukimbiliwa na wenzake. Mfanya usafi huitwa pale tu maji yanapomwagika.

Halafu kuna hofu ya kipimo. Kabla ya kuanza dawa mtu hupimwa, na wapo wanaoogopa majibu yatafika kwa supavaiza kabla ya kuwafikia wao. Hofu hiyo si ya kijinga. Majibu ya kipimo ni siri ya mgonjwa, na msimamizi anachohitaji kujua ni kwamba ajali imetokea, si hali ya afya ya aliyechomwa.

Kisanduku kilichojaa

Sindano haikutembea yenyewe hadi kwenye mfuko mweusi. Mahali pake ni kisanduku kigumu cha vitu vyenye ncha kali, ambacho hufungwa kikifika robo tatu na kuondolewa. Kikiachwa kijae hadi mdomoni, atakayekuja na bomba la sindano mkononi usiku wa manane, huku wagonjwa wawili wanamwita, ataliweka popote.

Nani wa kwanza kuona kisanduku kimejaa? Mara nyingi ni mfanya usafi, anayepita kila kona ya wodi zaidi ya mara moja kwa siku. Jumatano alikiona. Kama angekuwa na mtu wa kumwambia na uhakika wa kusikilizwa, huenda Alhamisi ingepita salama.

Ndiyo maana timu makini huripoti hata jambo ambalo halijamuumiza mtu. Sindano iliyoonekana kwenye mfuko usio wake, sakafu iliyomteleza mgeni akashika ukuta, waya wa mashine ya kusugulia uliochunika. Haya huitwa kwa dharau “mambo madogo”, mpaka siku mtu anapovunjika nyonga.

Mfano mwingine ni wa vyooni, na hauhitaji hospitali. Hutokea ofisini, hotelini na shuleni. Mfanyakazi mmoja anamwaga dawa ya choo yenye asidi, anaiacha ilowe, anakwenda kunywa chai. Mwenzake anaingia bila kuambiwa kitu, anamwaga jiki juu yake. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na chooni hewa ni finyu. Macho yanawaka, kifua kinabana, kikohozi hakikatiki. La kufanya ni kutoka nje mara moja, kuacha mlango wazi, kuzuia wengine wasiingie na kumpeleka hospitali anayeshindwa kupumua vizuri. Kila mmoja alifanya kazi yake sawasawa, ila hawakukabidhiana. Sentensi moja, “nimeweka dawa choo cha pili, usiguse”, ingetosha.

Taarifa nzuri haihitaji Kiswahili cha mahakamani. Ilitokea siku gani na saa ngapi, wapi, mtu alikuwa akifanya nini, kitu gani kilimdhuru, nani alikuwepo, na hatua gani ilichukuliwa. Asiyejua kuandika vizuri aseme na mwingine amwandikie, kisha asomewe kabla ya kutia sahihi. Saa ni muhimu kuliko maneno mazuri, kwa kuwa daktari wa PEP ataiuliza kabla ya mengine yote.

Karatasi hiyo ina kazi nyingine ambayo familia hugundua ikiwa imechelewa. Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Unahusu sekta ya umma na binafsi, na mchango hulipwa na mwajiri bila kukatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi. Anayeumia au kuugua kutokana na kazi anaweza kupata matibabu na fidia, na akifariki wapo wategemezi wanaostahili malipo. Sasa mtu akigundulika na homa ya ini miaka kadhaa baadaye, na hakuna mstari hata mmoja unaosema alichomwa sindano kazini, mjane atathibitisha kwa lipi?

Jumamosi usiku, Mbagala

Turudi kwa mama wetu. Jumamosi saa mbili usiku kidole kimevimba kidogo, na mumewe anaona anashika sufuria kwa mkono wa kushoto. “Mama Juma, mkono una nini?” Jibu la kwanza huwa “hamna kitu.” Saa 58 zimeshapita, zimebaki 14.

Hapo mume ana njia mbili. Anaweza kugomba kwamba amefichwa, na usiku ukaishia kwenye ugomvi. Au akachukua nauli, wakaenda usiku huohuo kwenye hospitali yenye huduma ya dharura, wakataja neno PEP mapokezi. Wakiwa na dawa mkononi watashauriwa kutumia kondomu mpaka vipimo vya marudio vikamilike, kwa kawaida wiki ya sita na mwezi wa tatu. Kuhusu mtoto anayenyonya, mama asiamue kumwachisha ghafla kwa hofu. Amweleze daktari palepale, aelekezwe.

Na wale wanaosoma haya wakidhani hayawahusu kwa kuwa kazi yao ni ya mezani, waangalie chini ya sinki la jikoni. Jiki ya kupima imo kwenye chupa ya soda? Dada wa kazi anayeitumia ni mfanya usafi pia, na nyumba hiyo ndiyo mahali pake pa kazi. Wiki iliyopita alivunja bilauri, akakatwa mshahara, akasemwa mbele ya wageni. Leo mtoto wa miaka miwili amekunywa funda kutoka kwenye ile chupa, na nyumbani yuko dada peke yake na simu mkononi.

Anachotakiwa kufanya ni kumsuuza mtoto mdomo, asimtapishe, amwahishe hospitali pamoja na chupa yenyewe, na ampigie mama yake sasa hivi. Kama atapiga au atasubiri aone kama mtoto atanyamaza, hilo liliamuliwa wiki iliyopita, siku ya bilauri.