Dakika Tatu za Mama Mwenyekiti: Tujifunze Kusema Mbele ya Watu

Katika toleo hili tunapenda kuongea juu ya jambo ambalo vikundi vingi hulidharau: kusema mbele ya watu. Wengi hutuambia, "Hicho ni kipawa, mimi sikujaliwa." Sisi twasema hapana. Kusema ni kazi kama kulima, na kikundi chaweza kujifunza pamoja.

TULIVYOJIFUNZA KWA UCHUNGU

Mwaka mmoja tulisindikiza kikundi cha akina mama kwenye mkutano wa wananchi kuhusu bajeti ya kaunti. Pampu ya kisima chao ilikuwa imeharibika kwa miezi minane, na maji walikuwa wakiteka mtoni, ng'ambo ya bonde. Mama mwenyekiti alipewa dakika tatu. Akaanza kusalimu: mheshimiwa, chifu, wazee, vijana, wageni. Kisha akaeleza jinsi kikundi kilivyoandikishwa na nani alikuwa mweka hazina wa kwanza. Alipofika kwenye neno "kisima" akaambiwa, "Asante mama, wakati umekwisha." Karani hakuwa ameandika lolote.

Baada yake kijana wa kijiji jirani alisema sentensi tano tu juu ya daraja lao. Bajeti ilipotoka, daraja lilikuwamo. Kisima hakikuwamo.

Kosa halikuwa la yule mama peke yake. Sisi tuliomsindikiza tulimwandalia barua na nauli, lakini maneno hatukumwandalia.

MANENO YAANDALIWE NA KIKUNDI

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 196, yataka bunge la kaunti lishirikishe wananchi katika kazi yake. Kifungu cha 201 chataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Makadirio ya bajeti yapaswa kufika kwenye bunge hilo kufikia tarehe 30 Aprili. Kwa hiyo msingoje siku ya mkutano; anzeni Januari. Ketini pamoja, mpange hivi:

1. Salamu moja tu ya kuwatosha wote: "Viongozi wetu na wananchi wenzangu, kwa heshima zenu, hamjambo."
2. Jina lako, kikundi na kijiji.
3. Shida moja, pamoja na hesabu yake. Semeni ni nyumba ngapi, na tangu mwezi gani. "Tunateseka sana" haiandikiki. "Nyumba 140 hazina maji" inaandikika. Lakini hesabu iwe ya kweli, mmeizunguka wenyewe kwa miguu.
4. Mfano wa mtu mmoja, bila kumwaibisha. Hesabu hukaa kwenye karatasi, lakini mtu hukaa moyoni.
5. Ombi moja, na bei yake kama mnaijua.
6. Rudia ombi, ushukuru, uketi.

MAZOEZI NI MCHEZO WA KUIGIZA

Karatasi peke yake haitoshi. Fanyeni igizo la mkutano wenyewe. Mmoja awe mheshimiwa anayetazama saa, mmoja karani, mwingine yule mzee anayepiga kelele kule nyuma. Msemaji asimame aseme. Mara ya kwanza mtacheka sana, na hiyo ni dawa ya woga. Mwishoni mwulizeni karani: "Umeandika nini?" Kama hakuandika ombi, rudieni.

Msemaji aangalie sauti. Vuta pumzi kabla ya kuanza. Usimeze mwisho wa sentensi, maana hapo ndipo ombi hukaa. Ukitaja hesabu, nyamaza kidogo iingie. Chini ya mti hakuna kuta za kushika sauti, basi ongea na yule aliye mbali kabisa. Akisikia yeye, wote wamesikia.

PALE MDOMO UNAPOOGOPA

Kuna mambo mtu hawezi kuyasema waziwazi, kama pesa za chama zilizopotea, au mjane aliyefukuzwa shambani. Hapo igizo husaidia, kwa sababu anayesema ni mhusika wa mchezo. Onyesheni shida kwa dakika kumi, kisha mkome bila kutoa jibu. Waulizeni watu: "Mmeona nini? Kwetu hutokea?" Igizo likijibu lenyewe, watu hupiga makofi wakaenda nyumbani. Likiwaachia swali, huanza kuongea.

Nchi yetu ina mfano mkubwa. Huko Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi walijenga jukwaa lao la wazi na kuigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ulikuwa kwa Kigĩkũyũ, lugha ya nyumbani. Mazoezi yalifanywa hadharani, na wanakijiji wakasahihisha maneno yasiyofanana na maisha yao. Novemba mwaka huo serikali iliupiga marufuku, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Kama maneno ya wanakijiji hayana nguvu, kwa nini yaliogopwa hivyo?

Leo kifungu cha 33 cha Katiba chalinda uhuru wa kusema na wa sanaa. Kifungu hichohicho chataka tuheshimu haki na jina la mwenzetu. Basi igizeni tendo, msimwigize jirani fulani.

MWAKA ULIOFUATA

Wale akina mama walifanya mazoezi Alhamisi tatu mfululizo, baada ya kuchanga pesa za chama. Siku ya mkutano mama mwenyekiti alisimama tena, mikono ikitetemeka. Alimaliza kabla ya dakika tatu. Karani akainua kichwa, akasema, "Mama, hebu rudia hiyo bei ya pampu." Akarudia, ikaandikwa.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni nani hajawahi kusema katika mkutano wetu? Ni nini kinachomzuia?
2. Tukipewa dakika tatu kesho, tutaomba kitu gani kimoja?
3. Ni jambo gani hapa kijijini lahitaji igizo badala ya hotuba?