Kinga, Ukinzani na Ustahimilivu: Funzo Kutoka kwa Panya

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili ambayo yamefanya kazi kubwa mno katika miaka arubaini hivi iliyopita ni neno "kinga". Ugonjwa wa UKIMWI ulipozuka katika miaka ya 1980, jina lake liliundwa kutokana na silabi za maneno "ukosefu wa kinga mwilini", na tangu hapo ni nadra kumpata mwanafunzi asiyelijua neno hilo. Hata hivyo, naona kwamba neno hili limetwishwa mzigo usiokuwa wake. Kila mara mnyama anapobeba viini vya maradhi bila ya kuugua, twasema kwamba "ana kinga", nasi tukaishia hapo. Kauli hiyo yaweza kumpotosha mwanafunzi, na hata kuhatarisha maisha. Shahidi wangu katika madai haya ni panya.

Tuanze na tauni. Bakteria wa ugonjwa huu waligunduliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka wa 1894. Hapa kwetu tauni si hadithi ya mbali. Mwaka wa 1902 iliingia Nairobi, na soko la Wahindi likachomwa moto ili kuizima. Katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto, nchini Tanzania, iliwasumbua wakazi kwa zaidi ya miaka ishirini kuanzia 1980. Bakteria hawa huishi hasa katika wanyama wagugunaji na viroboto wao. Panya anapokufa, viroboto huuacha mwili uliopoa na kutafuta damu kwingineko, ikiwamo damu ya binadamu. Ndiyo maana mizoga ya panya ikionekana kwa wingi kijijini huwa ni ishara ya hatari.

Lakini si kila panya hufa. Tauni iliingia Madagaska mwaka wa 1898 kupitia bandarini, na kufikia 1921 ilikuwa imepanda hadi nyanda za juu, ambako imedumu hadi leo. Watafiti waliwachukua panya weusi wa nyanda hizo, wakawalinganisha na wenzao wa sehemu zisizo na tauni. Walipoambukizwa katika maabara, wale wa nyanda za juu walinusurika kwa wingi zaidi. Sababu yake si vigumu kuelewa. Katika muda wa miaka mia moja hivi, panya walioelemewa na bakteria walikufa mapema, na waliosalia wakawarithisha watoto wao maumbile yaliyowaokoa. Uwezo huo wa mwili wa kushindana na viini na kuvizuia visizagae ndio ninaopendekeza tuuite "ukinzani".

Sasa tutazame ugonjwa mwingine. Mnamo Julai 2022, wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, kulizuka homa iliyowashtua watu. Wagonjwa 20 waliripotiwa, na 3 kati yao wakafariki. Uchunguzi ulithibitisha kwamba ni leptospirosisi, ambayo wizara ya afya ya Tanzania iliitaja kwa jina la homa ya mgunda. Mimi kama mwanaisimu nalifurahia jina hilo. Katika Kiyao, mojawapo ya lugha za kusini mwa Tanzania, "mgunda" ni shamba, na msomaji anayekijua Kikuyu atalitambua neno hilo mara moja. Wajerumani nao walikuwa na jina la ugonjwa huu lenye maana ya homa ya shambani. Majina haya yanatueleza mahali hatari ilipo: kwenye udongo na maji ambamo panya amekojoa na mkulima akapita pekupeku.

Je, panya huyo ni mgonjwa? La. Bakteria wa mgunda wanapomwingia, kinga yake huwafagia kutoka katika damu, lakini wale waliojibanza ndani ya mirija ya figo husalimika. Hukaa humo kwa miezi mingi, wakitoka pamoja na mkojo, ilhali panya anakula, anakimbia na kuzaa kama kawaida. Binadamu akiambukizwa vibaya, hupata homa, macho humgeuka manjano na figo zake huweza kushindwa kufanya kazi. Panya hakuwamaliza bakteria. Ameishi nao tu bila ya kudhurika sana. Hali hii inafaa tuiite "ustahimilivu".

Pengine msomaji atauliza: kwa nini mwili wa panya usipigane hadi mwisho? Jibu ni kwamba vita vina gharama. Kutengeneza chembe nyeupe za damu na kingamwili kunahitaji chakula, na mashambulizi makali ya kinga huweza kuharibu hata nyama ya mwili wenyewe. Panya wa shambani hukumbwa na njaa kiangazi, huwindwa na bundi na nyoka, na aghalabu hafikishi mwaka mmoja. Kwake yeye, nguvu zilizobaki huenda zikafaa zaidi katika kuzaa kuliko kumsaka bakteria wa mwisho figoni. Isitoshe, mengi tuyajuayo kuhusu kinga yametokana na panya wa maabara wanaolelewa katika usafi wa ajabu. Mwaka wa 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kinga ya panya hao inafanana na ya mtoto mchanga. Walipochanganywa na panya wa madukani waliokwisha kukutana na viini vingi, kinga yao ikawa kama ya binadamu mzima.

Kuna neno la tatu ambalo halina budi kutengwa na hayo mawili, nalo ni "usugu". Mara nyingi utamsikia mtu akisema kwamba mwili wake umezoea dawa, ndiyo sababu haimponyi. Kumbe dawa za kuua bakteria zinaposhindwa kwa sababu ya usugu, kilichokuwa sugu si mwili. Ni bakteria wenyewe. Anayeamini kwamba ni mwili wake uliozoea hataona ubaya wa kugawana vidonge na jirani, kwa kuwa mwili wa jirani ni mwingine. Hapo kosa la lugha limekuwa kosa la tiba.

Ni dhahiri basi kwamba tofauti ya maneno haya si anasa ya wanaisimu. Anayedhani kwamba panya mwenye afya ni panya salama atangoja mizoga ndipo ajihadhari, na katika homa ya mgunda mizoga hiyo haitaonekana. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Panya wetu yumo ghalani, mzima wa afya.

Wako wanaodai kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kubeba sayansi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990, kwa hivyo msingi ulikwisha wekwa zamani. Kinachokosekana ni matumizi. Nawasihi walimu wa sayansi, hata kama mtihani umeandikwa kwa Kiingereza, wawaulize wanafunzi wao maswali matatu kwa Kiswahili: Ni nani aliyekinza? Ni nani aliyestahimili? Ni nani aliyekuwa sugu? Mwanafunzi atakayejibu sawasawa atakuwa amelielewa somo. Anayekariri tu jina la Kiingereza huenda akapata alama zake, kisha akarudi nyumbani na kumeza nusu ya vidonge vya jirani.