Msalaba wa Victoria wa Mwaka 1917 na Askari Wasiotajwa wa Nyanda za Juu Kusini

Msalaba wa Victoria, ulioasisiwa mwaka 1856, ndiyo nishani ya juu kabisa ya ushujaa wa vitani katika majeshi ya Uingereza, na mmoja wa misalaba hiyo ulipatikana katika mapambano ya Vita Kuu ya Kwanza yaliyopita Mbeya na Iringa ya leo. Mwezi Mei 1916, kikosi cha Waingereza cha Jenerali Edward Northey kilivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, kikateka Neu Langenburg, yaani Tukuyu, kikapigana na Wajerumani huko Malangali tarehe 24 Julai, na kuingia Iringa mwishoni mwa Agosti.

Vita vilipoelekea Songea, Sajini Frederick Charles Booth wa Polisi wa British South Africa, kikosi cha Rhodesia ya Kusini, alikuwa mmoja wa waliopigana huko. Tarehe 12 Februari 1917, mahali palipoitwa Johannes Bruck, alisonga mbele peke yake chini ya risasi nyingi, akamwokoa majeruhi aliyekuwa katika hali mbaya, kisha akawakusanya askari wa Kiafrika waliotawanyika na kuwarudisha kwenye mstari wa mapigano. Ushujaa huo, uliompatia Msalaba wa Victoria, ni wa kweli na unastahili heshima. Lakini tamko rasmi la nishani, yaani maelezo ya kitendo kilichotuzwa, halimtaji kwa jina majeruhi yule wala askari waliorudi kupigana.

Ukimya huo unaendana na utaratibu wa wakati huo wa kutambua ushujaa. Kikosi cha KAR (King's African Rifles), yaani jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, kilikuwa na toleo lake la medali ya DCM (Distinguished Conduct Medal), iliyokuwa chini ya Msalaba wa Victoria, na hiyo ndiyo waliyotunukiwa baadhi ya askari Waafrika. Katika vita vyote viwili vya dunia, hakuna askari Mwafrika wa KAR aliyepewa Msalaba wenyewe. Wapagazi, waliojulikana upande wa Nyasaland kama tengatenga, walibeba chakula na risasi kwa sababu mbung'o waliua wanyama wa mizigo na reli haikufika huko. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa, uchovu na maradhi, na kazi yao haikuhesabiwa kuwa ushujaa.

Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo, Mtanzania wa ughaibuni anayeziona nishani za vita hivyo katika makumbusho ya Ulaya anapaswa kuzisoma kama kumbukumbu ya shujaa aliyetajwa na pia kama ushahidi wa utaratibu uliowaacha wenzake nje. Na familia za Mbeya na Iringa zinazohifadhi majina ya wapagazi na askari wao zina wajibu wa kuyaandika, kwa kuwa mengi ya majina hayo hayamo katika daftari lolote la serikali.