Kusoma Ujerumani (2): Ada hakuna, fedha zinatakiwa

Juma lililopita tuliishia kwenye barua ya kukubaliwa na chuo. Wengi wakishaipata huchinja kuku, na hawakosei. Lakini barua ile haimfikishi mtu Leipzig wala Göttingen. Inamfikisha dirishani kwa ubalozi, na hapo kijana ataulizwa mapema kabisa: utaishi kwa nini?

Kwamba vyuo vikuu vya serikali Ujerumani havitozi ada ni kweli kwa sehemu kubwa. Katikati ya miaka ya 2000 majimbo kadhaa yalianza kutoza euro 500 kwa muhula, wanafunzi wakaandamana, na kufikia 2014 jimbo la mwisho likawa limeifuta ada hiyo. Wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya nao walifaidika. Siku hizi mambo yameanza kurudi nyuma: Baden-Württemberg, jimbo lenye Heidelberg na Freiburg, tangu 2017 linawatoza wageni hao euro 1,500 kwa muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza 2024 kwa viwango vya euro 2,000 hadi 6,000. Kwingi kwingineko unalipa mchango wa muhula tu, euro mia moja na kitu hadi mia tatu na ushee, na mara nyingi tiketi ya basi na treni imo humo humo.

Mzazi akisikia hivyo anashusha pumzi. Asiharakishe. Tangu Septemba 2024 anayeomba viza ya masomo anatakiwa aonyeshe euro 11,904 za kuishi mwaka mmoja, na njia ya kawaida ni kuziweka zote kwa mkupuo kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo waliopo huko wanaiita Sperrkonto. Kwa viwango vya karibuni hizo ni zaidi ya shilingi milioni 30 za Tanzania, au zaidi ya milioni moja na nusu za Kenya. Kiasi hiki kina asili yake. Serikali ya Ujerumani huwasaidia wanafunzi wake wasiojiweza, na kiwango cha juu cha msaada huo, euro 992 kwa mwezi, ndicho kinachozidishwa mara 12. Msaada wao ukipandishwa, sharti letu nalo linapanda. Mwaka 2018 zilitosha euro 8,640.

Hapa Ujerumani inatofautiana na Uingereza. Kule unaonyesha kwamba fedha zimekaa benki siku 28 mfululizo, na sote tunajua kinachofanyika katika baadhi ya familia: mjomba anaazima, shangazi anaongezea, salio linapigwa muhuri, kisha kila mtu anarudishiwa chake. Kwa akaunti iliyofungwa ujanja huo haufui dafu. Fedha zinaondoka kweli, na hakuna wa kuzigusa mpaka kijana atue Ujerumani. Hapo anapewa 992 kila mwezi. Viza ikikataliwa, zinarudishwa, ingawa makato ya huduma hayarudi.

Kwa upande mmoja naona utaratibu huu una haki yake, kwa kuwa fedha hizo chuo hakizichukui. Ni chakula na pango la mtoto mwenyewe. Kwa upande mwingine unachuja kwa mfuko wa baba, na aliyepata alama nzuri akiwa hana kiwanja cha kuuza anabaki nyumbani. Wa kunusurika ni mwenye barua ya ufadhili, kwa mfano wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili masomo, au mwenye ndugu anayeishi Ujerumani aliye tayari kwenda ofisi ya wageni kusaini hati ya udhamini. Ndugu huyo hukaguliwa kipato, na kijana akikwama akalazimika kuishi kwa msaada wa serikali, deni ni la aliyesaini. Tusimlaumu dada aliyeko Hamburg anapositasita.

Tuseme kijana amefika, mwanzoni mwa Oktoba, na analala kwenye kochi la rafiki. Sheria inamtaka ajiandikishe ofisi ya mtaa ndani ya wiki mbili tangu ahamie kwake. Ofisi inataka karatasi yenye saini ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba anataka dhamana, ambayo kisheria inaweza kufika pango la miezi mitatu. Fedha za dhamana zimo kwenye akaunti iliyofungwa, na ili zianze kutoka inahitajika akaunti ya kawaida ya benki, ambayo nayo mara nyingi inaulizia hati ya kujiandikisha kutoka ofisi ile ile ya mtaa. Ndiyo maana nawasihi wasafiri: nje ya hizo 11,904, beba za kukutosha miezi miwili au mitatu, na omba chumba cha hosteli siku ile ile barua ya chuo inapofika. Ukishajiandikisha, usishangae kuletewa bili ya redio na televisheni ya umma, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila makazi, hata kama huna televisheni.

Na 992 hazina anasa. Bima ya afya peke yake inapita euro 120 kwa walio chini ya miaka 30, na waliovuka umri huo hulipa zaidi. Munich chumba kinaweza kumeza zaidi ya nusu. Chemnitz au Magdeburg utapumua.

Familia nyingi hujikamua kwa mwaka wa kwanza na kusahau kwamba kibali cha kuishi kikiisha muda, ofisi ya wageni itauliza tena swali lile lile la ubalozini. Kijana anategemea kazi. Tangu Machi 2024 anaruhusiwa siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280, na mshahara wa chini kisheria ulikuwa euro 12.82 kwa saa mwaka 2025. Kwenye karatasi zinatosha. Lakini zamu za usiku za maghala hugongana na mitihani, na vyuo vingi hukupa nafasi tatu tu kwa somo la lazima. Ukifeli ya tatu, kwa kawaida fani hiyo huisomi tena katika chuo kingine cha Ujerumani.

Kazi nzuri kuliko zote ni ya msaidizi katika idara ya chuo chenyewe, kwa sababu haihesabiwi ndani ya zile siku 140. Nyingi hutangazwa kwa Kijerumani na huendeshwa kwa Kijerumani. Namna lugha hiyo inavyopimwa, na kiwango gani kinatosha, tutaiangalia juma lijalo.