Leuven, Mji wa Chuo Ulioungua Mara Mbili

Wasomaji wetu wengi wamesikia habari za Roma, Lourdes na Fatima. Lakini uko mji mwingine huko Ulaya, mdogo, usiotajwa sana vijijini kwetu, nao wastahili kujulikana na kila mzazi anayehangaika kutafuta karo ya watoto wake. Mji huo ni Leuven, katika nchi ya Ubelgiji. Wanaosema Kifaransa huuita Louvain. Chuo Kikuu chake cha Kikatoliki kilitimiza miaka 600 mwaka 2025.

Wakati mzuri wa kuuona mji huu ni mwisho wa majira ya joto ya kule, yaani tangu siku za mwisho za Agosti hata Septemba. Ngano imekwisha vunwa, na sokoni yako matofaa na mapeasi mapya. Jua si kali. Tena siku ni ndefu: mwisho wa Agosti jua huchwa karibu saa mbili na nusu ya usiku, watoto wakiwa bado wanacheza nje. Wanafunzi wako likizo, kwa hiyo njia ni tulivu, na mgeni aweza kutembea polepole bila kusukumwa na baisikeli, ambazo mji huu unazo kwa wingi.

KUTOKA STESHENI

Kutoka Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, hata Leuven ni kilometa 25 hivi kuelekea mashariki. Gari moshi huchukua karibu nusu saa. Ukitoka stesheni, uwanja ulio mbele yako huitwa Uwanja wa Mashahidi, na katikati yake pamesimama mnara wa ukumbusho. Usiupite upesi. Mashahidi hao ni watu wa mji huu waliouawa mwezi Agosti mwaka 1914, nasi tutafika kwenye habari zao.

Kutoka hapo barabara moja iliyonyooka yakufikisha katikati ya mji. Hapo utaona nyumba ya ajabu. Ni jumba la baraza la mji, lililojengwa kati ya mwaka 1439 na 1469. Mawe yake yamechongwa kama mwanamke afumavyo ukili, na kutani zimepangwa sanamu 236 za watu. Sanamu hizo si za kale kama jumba lenyewe. Zilitiwa katika karne ya 19.

Mbele ya jumba hilo liko kanisa la Mtakatifu Petro. Ingia, piga goti, kisha utazame picha ya Karamu ya Mwisho iliyochorwa na Dieric Bouts kati ya mwaka 1464 na 1468. Bwana wetu ameketi katikati ya mitume wake, mkate na kikombe mbele yake. Lakini chumba kile si cha Yerusalemu. Ni chumba cha nyumba ya watu wa Ulaya wa siku za mchoraji, chenye madirisha yao, sakafu yao na nguo ya meza yao, na watu wawili wanachungulia kwa kidirisha kidogo nyuma. Ni kama mchoraji anawaambia majirani zake: Bwana hakula mbali nanyi, alikula nyumbani kwenu.

CHUO KILIVYOANZA

Kutoka kanisani ingia njia iitwayo Naamsestraat. Baada ya hatua chache utaona jumba kubwa la mawe. Zamani, katika karne ya 14, lilikuwa soko la wafanya biashara ya nguo. Leuven ulikuwa umetajirika kwa kufuma nguo za sufu, lakini biashara hiyo ikapungua. Wakuu wa mji, pamoja na Mtawala Yohane wa Nne wa Brabant na mapadre wa kanisa la Mtakatifu Petro, wakatafuta njia nyingine ya kuuinua mji. Wakamwomba Papa Martin V ruhusa ya kufungua chuo kikuu. Ruhusa ikatolewa tarehe 9 Desemba 1425. Miaka saba baadaye chuo kikapewa na ruhusa ya kufundisha Teolojia, na soko la nguo likageuka madarasa.

Matunda hayakukawia. Mwalimu mmoja wa hapa, Adrian wa Utrecht, alichaguliwa kuwa Papa mwaka 1522, akaitwa Adrian VI. Gerard Mercator, aliyechora ramani ya dunia iliyowasaidia mabaharia, alisoma hapa. Na katika karne ya 20 Padre Georges Lemaître, aliyekuwa mwalimu wa hesabu na elimu ya nyota, alionyesha mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka. Leo wataalamu wa dunia nzima hujenga juu ya kazi ya padre huyo. Anayesema kwamba imani na elimu ni maadui, na aulize habari zake.

USIKU WA TAREHE 25 AGOSTI

Katika jumba hilo la Naamsestraat ilikuwamo maktaba ya chuo tangu mwaka 1636. Vitabu vilikusanywa kidogo kidogo, kimoja kwa wosia wa profesa, kingine kwa fedha za chuo, vingine vimeandikwa kwa mkono kabla ya kuvumbuliwa kupiga chapa. Hata kufika mwaka 1914 vilikuwa zaidi ya 200,000.

Mwezi Agosti mwaka huo Vita Kuu ya Kwanza iliingia Ubelgiji. Jeshi la Ujerumani liliingia Leuven tarehe 19, na kwa siku chache mji ulikaa kimya. Jioni ya Jumanne, tarehe 25, bunduki zikalia gizani. Askari wakasema raia wanawapiga risasi. Wachunguzi waliofuata waliona kwamba yaelekea askari walipigana wao kwa wao kwa hofu. Lakini usiku ule hakuna aliyengoja uchunguzi. Nyumba zilichomwa moto, watu wakatolewa nje na kupigwa risasi. Siku chache zilipokwisha, raia 248 walikuwa wamekufa, nyumba zaidi ya elfu moja zilikuwa majivu, na maelfu ya wakazi walifukuzwa mjini na vitu walivyoweza kubeba mikononi.

Maktaba nayo ilichomwa. Kazi ya karibu miaka 300 iliteketea usiku mmoja. Kardinali Mercier, askofu mkuu wa Mechelen, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa chuo hiki, alipata habari hizi akiwa Roma, alikokwenda kumchagua Papa mpya.

WATU WA MBALI WAKALETA VITABU

Sasa rudi nyuma kidogo uende hata uwanja mpana uitwao Ladeuzeplein. Hapo imesimama maktaba mpya, yenye mnara mrefu na kengele 63 ambazo hupigwa nyimbo. Katika mawe ya kuta zake yamechongwa majina ya shule na vyuo vya Marekani. Ndio waliochanga fedha. Mchoraji wa jengo hili, Whitney Warren, alikuwa Mmarekani, na maktaba ilifunguliwa tarehe 4 Julai 1928.

Vitabu navyo vilitoka mbali. Maktaba ya John Rylands ya Manchester, Uingereza, ilianza kukusanya vita ikiendelea bado, ikapeleka makumi elfu ya vitabu. Hata Japani ilipeleka vyake. Na katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 Ujerumani ilitakiwa kurudisha vitabu sawa na vile vilivyoungua, kwa hesabu na kwa thamani.

Lakini kabla ya kufunguliwa maktaba hiyo ilizuka fitina. Warren alitaka ukingo wa mawe ulio mbele ya jengo uchongwe maneno ya Kilatini ya kusema kwamba maktaba iliharibiwa na hasira ya Wajerumani, ikajengwa tena kwa zawadi ya Wamarekani. Monsinyori Paulin Ladeuze, mkuu wa chuo, akakataa. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu hata siku ile ya moto, wala hakuna aliyeweza kumwambia kwamba hajui uchungu wake. Hata hivyo aliona kwamba nyumba ya elimu haifai kubeba maneno ya chuki, wakati mataifa yanajaribu kupatana. Watu wengi wa mji walimkasirikia. Ugomvi ulifika hata mahakamani. Mwishowe ukingo ulibaki bila maneno yale, na leo uwanja wote una jina la Ladeuze.

MOTO WA PILI, NA UGOMVI WA NDUGU

Ole, miaka 12 tu ilipita. Katika usiku wa kuamkia tarehe 17 Mei 1940, Vita Kuu ya Pili ilipoufikia mji, maktaba iliungua tena. Safari hii vilipotea vitabu karibu 900,000. Mnara ulibaki umesimama. Na vita ilipokwisha, watu wa Leuven walianza tena, wakajenga jengo lile lile kwa ramani ile ile ya zamani, wakajaza rafu upya.

Basi, msomaji, wadhani hapo mabaya yalikwisha? La. Lililofuata halikuletwa na askari wa kigeni.

Ubelgiji ni nchi ya lugha zaidi ya moja. Upande wa kaskazini husemwa Kiholanzi, upande wa kusini Kifaransa. Leuven uko kaskazini, lakini chuo kilifundisha kwa lugha zote mbili. Kwa miaka mingi Kifaransa kilikuwa lugha ya wakubwa, na watu wa kaskazini waliona lugha ya mama zao yadharauliwa katika nchi yao wenyewe. Manung'uniko yao yalikuwa na msingi. Mwaka 1966 maaskofu walitangaza kwamba chuo kibaki kimoja. Wanafunzi wakajaa barabarani kupinga. Mwaka 1968 ugomvi ulikuwa mkali hata serikali ya nchi ikaanguka. Chuo kikagawanyika kuwa vyuo viwili, na cha Kifaransa kikahamia mji mpya uliojengwa upande wa kusini, Louvain-la-Neuve, ambao jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1971.

Na vitabu je? Viligawanywa kwa namba zake rafuni: vya namba witiri vikaenda upande mmoja, vya namba shufwa upande wa pili. Vitabu vilivyokuwa jirani rafuni vikatenganishwa. Mzee aliyepata kuona ndugu wakigawana shamba la marehemu baba yao, hata mwembe mmoja ukapigiwa mpaka katikati, ataelewa bila kuelezwa.

Siku hizi vyuo hivyo viwili vinashirikiana, na mwaka 2025 vilikumbuka asili yao moja. Kile cha Leuven peke yake kina wanafunzi zaidi ya 60,000, katika Leuven na miji mingine. Afrika pia ilipata mtoto kutoka nyumba hii: mwaka 1954 Leuven ulisaidia kuanzisha huko Kongo chuo kilichoitwa Lovanium, kwa jina la Kilatini la mji huu. Kutoka chuo hicho kilipatikana baadaye Chuo Kikuu cha Kinshasa cha leo.

MWANA WA MKULIMA

Kabla ya kuondoka, nenda kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Antoni. Chini yake amelala Mtakatifu Damian wa Molokai, mtumishi wa wakoma. Alizaliwa mwaka 1840 katika kijiji cha Tremelo, si mbali na Leuven, mwana wa mkulima aliyeuza nafaka. Alipoingia utawani mjini hapa, wakubwa wake walimwona hana elimu ya kutosha kuwa padre. Yeye hakunung'unika. Aliomba kaka yake amfundishe Kilatini, akajifunza mpaka wakakubali. Alikwenda Molokai mwaka 1873, akaishi na wakoma, akaambukizwa, akafa kati yao mwaka 1889. Mwili wake ulirudishwa Ubelgiji mwaka 1936, na Papa Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu mwaka 2009.

Mwisho wa jioni, tembea hata Groot Begijnhof, mtaa wa nyumba za matofali mekundu kando ya mto Dijle. Tangu karne ya 13 waliishi humo wanawake waliosali na kufanya kazi za mikono pamoja, bila kufunga nadhiri za daima. Mwaka 1962 chuo kiliununua mtaa huo ukiwa umechakaa, kikautengeneza nyumba moja moja. Leo wanakaa humo wanafunzi na walimu wageni.

Mwishoni mwa Septemba utulivu huu hukoma. Wanafunzi hurudi na mizigo yao, na walimu hutembea barabarani kwa maandamano wamevaa majoho kuufungua mwaka mpya. Vijana hao wengi hupita mbele ya ule ukingo wa mawe usio na maneno bila hata kuutazama. Ninyi wazazi mlio na kitabu kimoja au viwili nyumbani, vitunzeni na kuvisoma pamoja na watoto. Maktaba kubwa ile nayo ilianza upya mara mbili, kitabu kwa kitabu. Na watoto wenu wakianza kuchekana kwa sababu ya lugha au kabila, wakatazeni mapema. Leuven ulipona moto mara mbili, bali ufa ule wa ndani haukuzibika.